Mnazi Haungoji Jioni

Msomaji, huenda umewahi kuwasikia wapenzi wa divai wakiisifu Barolo, ile divai nyekundu kali ya kaskazini mwa Italia. Kwa kanuni zao wenyewe, haiuzwi kabla ya kulazwa zaidi ya miaka mitatu, na mezani huandamana na nyama iliyopikwa polepole, kwani ukakasi wake hukata mafuta. Sasa vuka Makupa uingie Changamwe. Huko utakuta kinywaji ambacho umri wake huhesabiwa kwa saa.

Huo ni mnazi, au tembo kama wazee wanavyoliita. Mgema hupanda mti alfajiri, akakata kwa kotama ncha ya karara ambalo halijafunguka, kisha akatega kibuyu. Kinachodondoka ni kitamu mithili ya maji ya dafu. Lakini chachu haina subira: baada ya saa mbili tatu ulevi umeshaingia, jioni umefika kama asilimia 4 au 5, na kesho yake unaelekea kuwa siki.

Basi chakula nacho hufuata saa. Mnazi wa asubuhi, ambao bado ni mtamu, unapatana na muhogo wa kuchoma usiotiwa kitu. Wa mchana una povu na uchachu kidogo; huo utake na samaki wa kukaanga au pweza mwenye pilipili, lakini ndimu iache, maana uchachu umo tayari. Ule mkali wa jioni hushindana na ng'onda au mishkaki yenye mafuta. Wapo wanaoagiza samaki wa kupaka. Mimi siafikiani nao kabisa: tui zito juu ya mnazi huuchosha ulimi kabla hujamaliza kibuyu.

Kabla ya kuonja, tazama. Mnazi halisi ni mweupe wa ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele, na povu lake hupanda lenyewe. Ukiwa mwepesi na utamu wake ni wa sukari tupu, jua kuna mkono uliopita hapo. Kunywa kwa mrija wenye kichujio cha nyuzi, kwa sababu nyuki na takataka huanguka kibuyuni. Na usiudhike mwenyeji akionja kwanza. Kwa Wamijikenda hiyo ni heshima, anakuonyesha kwamba hakuna sumu.

Shida ya watu wa bara ya Mombasa ni masafa. Likoni ina nafuu, kwani minazi ya Kwale iko jirani. Kisauni hutegemea upande wa Kilifi, na Changamwe huletewa madumu kutoka Rabai na Kaloleni kupitia Mazeras. Kila kituo cha matatu kinaongeza ukali.

Kisha kuna saa za serikali. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliziruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi. Kwa bia ya chupa hilo si neno. Lakini mnazi uliogemwa alfajiri, ukifika saa kumi na moja, ule ulaini uliompandisha mtu mtini umekwisha. Mgema mmoja niliyemkuta mangweni Changamwe alilalamika kwamba huhatarisha shingo yake juu ya mti mrefu, kisha mteja anamwambia kinywaji kimelala. Afanye nini? Akiuza mapema anavizia askari. Akingoja, bei inashuka. Sikuwa na jibu la kumpa.

Nawe usiyekunywa, usidhani hukumu humu. Mabibi wa pwani waliumulia mikate kwa tembo zamani, kabla hamira haijajaa madukani. Na dumu likibaki bila mnunuzi, haliendi kumwagwa. Linaachwa siku kadhaa lichachuke kabisa, likatiwe kwenye achari ya maembe mabichi.