Mama hataki kuuacha mto

Ukimwambia mtu hapa Nairobi kwamba umelelewa Shauri Moyo, huenda akapapasa mfuko kwanza kuhakikisha pochi yake ingalipo. Mimi nimeshazoea. Nilizaliwa katika hospitali ya Pumwani, ile iliyofunguliwa mwaka wa 1926, nikakulia karibu na mto Nairobi katika nyumba ya baraza la jiji ambamo mama yangu anaishi hadi leo. Nyumba hiyo ndiyo iliyotukosanisha mimi na mama mwaka wa 2024.

Kabla sijafika huko, heri nieleze tulivyofika hapo mtoni. Nyanya yangu alikuwa binti wa Pangani, Pangani ile ya zamani ambako Waislamu wa makabila mbalimbali walijijengea nyumba na kupangisha vyumba. Mwaka wa 1939 wakoloni walikibomoa kijiji hicho, wenyeji wengi wakaletwa Shauri Moyo. Wazee husimulia kuwa hata jina la mtaa lilitokana na kuhama huko: ukitaka nenda, hutaki, hilo ni shauri la moyo wako. Nyanya hakupenda masimulizi marefu. Alikuwa na sentensi moja tu: "Baba yangu alitoka Pangani mwenye nyumba, akaingia Shauri Moyo mpangaji." Akishasema hivyo hunyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Sasa huo mto. Wamaasai ndio waliopaita mahali hapa pa maji baridi, na jiji likapata jina lake. Unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, unapita katikati ya jiji, Kamukunji na Gikomba, kisha unaungana na mto Athi, na hatimaye maji yake yanaingia baharini karibu na Malindi yakiitwa Sabaki. Mwalimu wetu alipotufundisha haya shuleni, sisi watoto tulikwenda mbio mtoni na mikebe mitupu, tukaituma Malindi. Mmoja wetu alikuwa na shangazi huko, na kwa wiki kadhaa tulingoja barua ya shukrani.

Siku hizi sidhani mkebe ungefika hata mtaa wa pili. Mafuta ya gereji, maji ya vyoo, mifuko na matambara yote yameufanya mto uwe mweusi kama lami, na jua likipanda harufu yake huwezi kuikosea. Hata hivyo, nani aliyesema watu wameukimbia? Kabla ya alfajiri wachuuzi wamekwisha kuingia Gikomba kungoja marobota ya mitumba yafunguliwe, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuchagua. Jua likichomoza nyundo za Kamukunji zinaanza: masufuria, majiko, masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mama husema hahitaji saa. Nyundo zikinyamaza mchana wa siku ya kazi, anajua kuna jambo.

Zilinyamaza tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, watu walipokuja kwenye uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi na polisi wakawatawanya kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 20 na nilitaka kwenda. Mama alifunga mlango, akatia ufunguo kifuani, akanipikia chapati. Sikumsamehe kwa muda mrefu, ingawa chapati nilizila.

Ndipo ikaja masika ya 2024. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili mto ulifurika, maji yakapanda hadi ngazi ya mlango wake. Vijana wa jirani, wale wale ambao watu huwashikia pochi, walimbeba mama mgongoni, wakarudi kuchukua sanduku la bati la nyanya. Hawakutaka hata shilingi. Mapema mwezi wa Mei Serikali ikawaamuru wanaoishi kandokando ya mito wahame, na huko Mathare na Mukuru tingatinga zikabomoa nyumba za watu. Nyumba ya mama haikuguswa. Lakini mimi nilikwisha kuamua. Nilikodisha pikapu, nikaenda kumchukua aje kwangu Umoja moja kwa moja.

"Mama, mto huu utakuua," nikamwambia.

"Mwanangu, nyanya yako alihamishwa akiwa msichana. Mimi nina miaka 79. Unataka kunihamisha kwa ajili yangu au kwa ajili ya usingizi wako?"

Sikuwa na jibu, na kusema kweli nilikasirika. Dada yangu alinilaumu kwa kumsukuma mama. Nami nikamlaumu yeye kwa kumlegezea. Mwishowe mama alikubali kulala kwangu hadi mvua zikatike, kwa sharti sanduku libaki Shauri Moyo. Mara tu jua lilipotoka aliomba nauli ya matatu.

Sasa ghorofa za nyumba za bei nafuu za Serikali zimefika hata Shauri Moyo, na mazungumzo ya kuhama yamerudi katika kila baraza. Mama huyasikiliza kama mtu aliyekwisha kuyasikia. Mimi sijabadili mawazo yangu. Ningali nataka aondoke. Lakini sijarudi tena na pikapu.

Tulichopatana ni hiki: mawingu yakitanda, nampigia simu. Yeye hutoka na tochi, akaangalia ukingoni jiwe fulani alilolitia alama ya rangi nyeupe, kisha ananipa habari kabla sijauliza.

"Jiwe linaonekana. Wewe lala."

Naye hukata simu, maana hapendi kumaliza salio langu.