Nyundo, sumaku na Datsun ya Mzee

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na leo sitaandika kuhusu programu, ingawa mtaona nimeshindwa kuzikwepa kabisa.

Mzee wangu ana Datsun 240Z. Kwa wale wadogo: hilo ni gari la michezo kutoka Japani lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mzee alilinunua likiwa kuukuu, akalitunza kama yai. Sisi watoto tulikua tukiambiwa halijawahi kukwaruzwa hata na kuku.

Basi, mimi ndiye niliyelikwaruza. Nilikuwa nalirudisha nyuma kuingia getini, mvua inanyesha, nikaligonga kwenye nguzo. Ubavu wa nyuma wa kushoto, juu ya gurudumu, ukabonyea na kukunjamana. Mzee alitoka, akatazama, akarudi ndani bila neno. Afadhali angenigombeza.

Madigadi ya mbele ya 240Z hufungwa kwa bolti, lakini ubavu wa nyuma umechomelewa na bodi yote. Gereji ya kwanza waliniambia wangejaza fila na kupiga rangi, wiki moja tu, nisingejua tofauti. Ya pili walitaka kukata kipande chote waweke cha faibaglasi. Aliyewahi kurithi programu ya mtu mwingine anakijua kishawishi hicho cha kufuta kila kitu na kuandika upya. Mimi nilitaka bati lile lile lililotoka nalo kiwandani.

Nikaishia kwa fundi mmoja mzee karibu na Kirinyaga Road (wakongwe bado huiita Grogan). Hakugusa nyundo. Alitoa sumaku ndogo mfukoni, akaizungushia kitambaa isikwaruze rangi, akaipitisha polepole. Sumaku hushika chuma, fila haiishiki. Ilipofika karibu na taa ya nyuma, mbali kabisa na pale nilipogonga, ikadondoka.

"Kijana, hili limewahi kupigwa."

"Haiwezekani, Mzee."

Akaipitisha tena. Ikadondoka tena.

Alianza na kosa langu. Mimi ningepiga katikati ya shimo kwa nguvu, na hapo ndipo ningeliharibu zaidi. Kumbe bati likibonyea, matuta yanayolizunguka ndiyo yanayolishikilia shimo. Unaanza na kunjo lililotokea mwisho, unarudi kinyumenyume hadi la kwanza, kama kuondoa sahani zilizorundikwa. Fundi alishika kipande kizito cha chuma kwa ndani, akagonga tuta kwa nje kwa nyundo nyepesi, na shimo likaanza kuinuka lenyewe pembeni. Alikuwa mwangalifu asigonge bati moja kwa moja juu ya kile chuma bila sababu, kwa kuwa bati likibanwa katikati hutanuka.

Sehemu moja ilikuwa imetanuka tayari. Ukiibonyeza inaingia na kutoka kama kifuniko cha debe. Aliichoma kwa gesi nukta moja, ndogo kuliko sarafu ya shilingi tano, hadi ikawa nyekundu, akaigonga kidogo, akaipoza kwa kitambaa chenye maji. Chuma kikipoa hunywea. Mwisho akapitisha tupa juu juu: palipong'aa pameinuka, palipobaki na weusi pamebonyea. Siku nne za kazi hiyo, kipande kisichofika hata mita moja.

Kisha akachimba ile sehemu ya sumaku. Fila ilikuwa nene kama kidole. Chini yake tulikuta matundu sita ya drili: fundi wa zamani alitoboa ili avute bati, akafukia matundu bila kuyaziba, unyevu ukapenya kutoka ndani, kutu ikala pole pole. Ilibidi kukata sehemu iliyooza na kuchomelea kiraka cha bati jipya, nukta hapa, nukta kule, maana ukichomelea mfululizo joto hulipinda bati lote.

Nilimpigia Mzee simu. Alikuja, akainama, akayatazama yale matundu kwa muda mrefu.

"Yule fundi aliniapia ni kazi safi," alisema. Baadaye kidogo: "Ilikuwa kabla hujazaliwa. Mama yako hajui." (Natumaini bado hasomi ukurasa huu.)

Nilicheka, yeye hakucheka. Alimuuliza fundi gharama ya kila upande, akatoa pochi.

"Pale ulipogonga utalipa wewe," akaniambia. "Pangu nitalipa mwenyewe."

Tulirudi nyumbani kwa gari langu, tukizungumza njia nzima. Datsun bado iko kule, ubavu wake wa kijivu cha praima, inangoja mvua iishe ipigwe rangi.