Wasaa

Msomaji kijana, yapo maneno matatu ambayo watu huyatumia kana kwamba yana maana moja, ingawa kila moja lina njia yake: uvivu, mapumziko na wasaa. Uvivu ni kuikimbia kazi inayokupasa. Mapumziko ni kuurudishia mwili nguvu zake ili kazi iendelee kesho. Wasaa ni kitu cha tatu: ni muda ulio mali yako mwenyewe, baada ya kazi kutimizwa na mwili kula na kulala, ambao hapana mtu anayekuagiza uutumie vipi. Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni upana. Kinyume chake ni dhiki, ambayo asili yake ni ufinyu. Basi mwenye wasaa ni kama mtu aliyetoka katika chumba chembamba akaingia uani. Na asiye nao, hata akiwa na fedha, yumo katika dhiki.

Yamkini utacheka nikikuambia kwamba mahali unapotoka jasho la akili kila siku paliitwa kwa jina la wasaa. Neno shule lilitujia kutoka kwa Wajerumani, na neno skuli, litumikalo sana Unguja, kutoka kwa Waingereza. Yote mawili yana babu mmoja katika Kilatini, naye babu huyo alizaliwa na neno la Kigiriki lililokuwa na maana ya wasaa. Wagiriki wa kale waliona kwamba mtu hujifunza vema akili yake inapokuwa huru. Aristotle, mwanafalsafa wao wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate wasaa. Hakusema kwamba tunapata wasaa ili tufanye kazi. Lakini wasaa wao ulikuwa na doa jeusi: waungwana walikaa wakifikiri kwa sababu watumwa walilima na kutwanga.

Kuliondoa doa hilo ni kazi iliyochukua muda mrefu, wala haijakwisha. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani, katika mapatano yake ya kwanza kabisa, liliweka kipimo cha kazi za viwandani kuwa saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, lilisema kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wasaa. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 ukaitaja haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi siku 1 ya kupumzika, kwa uchache, katika kila siku 7, na likizo yenye mshahara ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Hayo hayakuandikwa na wavivu. Yaliandikwa kwa ajili ya watu waliochoka.

Mimi ni mwana wa seremala wa pwani. Baba alitengeneza milango na vitanda, wala hakuwa mtu wa kuidharau kazi. Lakini kila siku baada ya sala ya alasiri aliweka randa na msumeno mahali pake, akaoga, akavaa kanzu safi, akatoka kukaa barazani kucheza bao na wenziwe. Asiyelijua bao huona wazee wakichezea kete tu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Wachezaji huanza kwa kunamua, wakiingiza kete moja moja, na kete za mkononi zinapokwisha ndipo huingia katika mtaji. Mchezaji hodari huhesabu kimoyomoyo mahali kete zitakapofikia kabla ya kuzigusa. Na kete zilipokuwa zikizunguka, palizungumzwa bei ya mbao, paliamuliwa ugomvi wa majirani, na vijana tulifunzwa kunyamaza mkubwa anaposema. Siku moja nilimwuliza baba kwa nini asiendelee kupiga randa mpaka magharibi, apate fedha zaidi. Alinijibu, “Mwanangu, mchumia juani hulia kivulini. Juani nimeshakuwako, sasa nakitaka kivuli changu.”

Maneno hayo niliyapatia hesabu chuoni, nilipokuwa nikijifunza ualimu. Mkufunzi wetu alituandikia ubaoni kwamba juma lina saa 168. Toa saa 56 za usingizi, yaani 8 kila usiku. Toa saa 54 za kazi na masomo, yaani 9 kwa siku 6. Toa saa 28 za kula, kuoga, kwenda na kurudi, na kazi za nyumbani, yaani 4 kila siku. Zinabaki saa 30. Katika mwaka wa majuma 52 hizo ni saa 1560, ambazo ni sawa na siku 65 kamili, usiku na mchana. Darasa zima tulinyamaza, maana hakuna aliyeweza kusema siku zake 65 za mwaka uliopita zilikuwa zimekwenda wapi.

Saa hizo zina wezi. Mwizi wa kwanza ni simu ya mkononi. Silaani chombo hicho, maana nami ninacho. Lakini wasaa ni muda unaouongoza mwenyewe, na mtu anayeburutwa na picha moja hata nyingine mpaka usiku wa manane haongozi kitu. Mwizi wa pili ni pupa inayojiita bidii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hukataza wanafunzi kufundishwa masomo ya ziada wakati wa likizo, na hata hivyo wapo wazazi wanaodhani kwamba mtoto akionekana anacheza, anapotea.

Mwizi wa tatu hukaa nyumbani, naye huonewa haya kutajwa. Kaka na dada hutoka shule moja kwa saa ile ile. Kaka huchukua mpira. Dada huchukua ndoo, kisha kuni, kisha sufuria, na kitabu hukifungua wenziwe wanapolala. Hapo lile doa la Wagiriki limerudi. Wasaa uliojengwa juu ya uchovu wa mwingine si wasaa halali.

Pengine utasema, “Mimi ni kijana, wasaa nitautafuta baadaye.” Katika shule niliyoanzia kazi palikuwa na mwalimu mzee, hodari na mpendwa, aliyestaafu alipotimiza miaka 60. Baada ya hapo, kila siku ya masomo saa moja asubuhi alifika langoni amevaa tai, akasimama karibu na bawabu mpaka kengele ilipolia, kisha akarudi kwake polepole. Siku moja nilimwamkia, nikamwuliza anamngoja nani. Alitabasamu akasema, “Namngoja mtu aniambie nifanye nini.” Hakupungukiwa na akili wala chakula. Lakini kwa miaka mingi hakuwahi kuwa na alasiri moja iliyo yake, na sasa alipewa alasiri zote kwa pamoja. Kuutumia wasaa hujifunzwa, kama kusoma kunavyojifunzwa. Na asiyejifunza ujanani hutahiniwa uzeeni.

Basi Jumamosi ijayo chukua kalamu uandike saa zako 168, na mahali kila moja inapokwenda. Ukiona hapana iliyobaki, tafuta ni nani aliyezichukua. Na ukiona zimebaki nyingi, kabla ya kufurahi, tazama jikoni na kisimani, usije ukawa umechukua na za mwenzako.