Tarehe ya Kulipa Siyo Tarehe Uliyolipa

Nyumba yetu hapa Dunda, Bagamoyo, huishi kwa mapato ya namna mbili. Mke ni muuguzi, na kodi yake hukatwa kwenye mshahara kabla fedha hazijafika mkononi. Mume ana duka dogo la nyavu, kamba na maboya karibu na soko la samaki. Kodi ya duka hakuna anayetukatia. Ni juu yetu kukumbuka, kuweka akiba na kuipeleka.

Wenye biashara wanaujua utaratibu. Mwanzoni mwa mwaka mapato hukadiriwa, kisha kodi hulipwa kwa awamu nne. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, siku za mwisho ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Mwaka ule tulikadiriwa shilingi 400,000, yaani laki moja kila awamu.

Kijana wetu alipokuja likizo kutoka chuoni alituwekea programu ya hesabu kwenye kompyuta. "Mama, sasa madaftari yapumzike," alisema. Programu hiyo ilitengenezwa Marekani, na tarehe za kodi zilikuwamo tayari: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari ya mwaka unaofuata. Hizo ni tarehe za kwao. Tungezifuata, awamu ya kwanza na ya nne zingechelewa siku 15 kila moja. Tukazifuta, tukaweka za kwetu, na mbele ya kila tarehe tukaandika laki moja. Tulilala tumefurahi.

Hatukujua kwamba nafasi ile haikuwa ya siku ya mwisho ya kulipa. Ilikuwa ya siku ambayo fedha imelipwa kweli. Tangu usiku ule, kompyuta ilihesabu kwamba kodi yetu ya mwaka mzima imekwisha lipwa.

Machi tulilipa. Juni kusi ilivuma kwa nguvu, ngalawa zikakaa pwani, wavuvi wakachukua nyavu kwa mkopo. Wakati huohuo mama mkwe akalazwa hospitali. Laki moja tuliyoiweka kando tukaitumia, kila mmoja akijiambia kwamba itarudishwa.

Mwezi ulipokwisha, mke alifungua kompyuta akaona Juni imelipwa. Akadhani mume amepata fedha mahali. Mume naye aliona hivyohivyo, akadhani mke ametoa kwenye mshahara. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe. Kusema kweli, tuliogopa jibu.

Septemba na Desemba tulilipa. Januari tulipokwenda kukadiriwa tena, tuliambiwa kwamba malipo ya Juni hayaonekani, na kwamba kodi iliyochelewa imezaa riba. Tulirudi nyumbani bila kusemezana. Usiku ule maneno yalikuwa makali. Mmoja alisema, "Umenificha." Mwingine akajibu, "Wewe ndiye uliyenificha." Tulipotoa risiti zote mezani zilikuwa tatu tu. Ndipo tulipoelewa kwamba hakuna aliyedanganya, ila wote wawili tulinyamaza.

Jambo lililotuumiza zaidi ni hili. Mke hujitolea kanisani kuwafundisha akina mama kusoma kadi ya kliniki ya mtoto. Huwaambia kwamba tarehe ya kurudi huandikwa mapema, lakini tarehe ya chanjo huandikwa baada ya mtoto kuchanjwa. Mtoto hurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Muuguzi akijaza zote siku ya kwanza, mtoto anaweza kukosa kinga huku kadi ikisema anayo. Kwa watoto wa wenzetu tulikuwa waangalifu hivyo, lakini kadi ya nyumba yetu tuliijaza kabla ya sindano.

Deni tulilipa pamoja na riba yake. Siku hizi tarehe za mwisho tumeziandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Katika kompyuta hatuandiki kitu mpaka tumepata namba ya malipo, tumelipa benki au kwa simu, na risiti iko mkononi. Hapo ndipo tunapoandika siku ile tuliyolipa, hata kama ni kabla ya siku ya mwisho. Biashara ikishuka, hatutumii akiba ya kodi kimyakimya. Tunakwenda mapema kueleza na kuomba makadirio yaangaliwe upya.

Tena kila tarehe 20 ya mwezi wa awamu, baada ya chakula cha usiku, tunakaa sisi wawili na kuulizana waziwazi: fedha ipo? Mwanzoni swali hilo lilichoma, kana kwamba mmoja anamshuku mwenzake. Sasa tumelizoea. Kompyuta hukumbuka kile tulichoiandikia tu. Mambo ya Juni ile yalikuwa mioyoni mwetu, na huko haikuweza kuyaona.