Kyela: Nani Atakuuzia Usingizi wa Saa Moja?

Ukikutana na mwenyeji wa Kyela, neno la kwanza utakalosikia ni "Ugonile". Neno hilo latokana na kugona, yaani kulala. Kwa hiyo mwenyeji wako, kabla hajakuuliza mengine yoyote, amekwisha kukuuliza habari ya usingizi wako. Salamu hiyo humfaa sana mgeni afikaye huko kwa basi kutoka Dar es Salaam, maana safari ni ya zaidi ya kilomita 900, na wengi huteremka wakiwa hawana jibu la kweli la kutoa.

Barabara itokayo Uyole hupanda kwanza hadi kwenye baridi ya Isongole, ikapita Kiwira na Tukuyu penye chai na migomba, kisha ikaanza kuteremka. Kutoka Tukuyu hadi uwandani utashuka karibu mita 1,000, na sweta uliyoing'ang'ania asubuhi utaivua kwa haraka. Chini huko ndiko kwenye mpunga, kakao na michikichi. Mbele yako ni Ziwa Nyasa, na kushoto imesimama Milima ya Livingstone kama ukuta. Joto na unyevu wa huko humletea usingizi hata mtu aliyelala vema, sembuse mchovu aliyekwisha kumaliza sahani ya wali wa Kyela na kipande cha mbasa.

Basi mchovu huyo atalala wapi saa 8 mchana?

Nenda Kasumulu, ukingoni mwa Mto Songwe, mpakani mwetu na Malawi. Nchi hiyo haina pwani, na sehemu ya shehena yake ishushwayo bandarini Dar es Salaam hupita hapa kwa barabara. Malori husimama yakingoja hati. Utingo ametandika mkeka chini ya trela. Dereva amejikunja kitini, miguu yake imetokeza dirishani. Kando yao vijana wa bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao, kichwa kwenye usukani, kwa ustadi ambao mimi binafsi siwezi kuueleza. Ukienda ufukweni, kuelekea Matema, utawakuta wavuvi wa usipa. Samaki hao wadogo huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo asubuhi, wakati wewe unaanza kazi, wao ndio kwanza wanatafuta kivuli.

Jambo hili si la mzaha. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawa na mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu yake. Akifikisha saa 24 huwa kama mwenye asilimia 0.10, ambayo ni zaidi ya kiwango wanachowekewa madereva katika nchi nyingi. Dawa yake nayo ilikwisha kupimwa. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliwaruhusu marubani wa safari ndefu kupumzika kwa zamu dakika 40. Kwa wastani walilala dakika 26 tu, na waliamka wakiwa makini zaidi kuliko wenzao waliokesha. Dereva wa Kasumulu hahitaji usiku mzima ili aipande salama milima ya Tukuyu; pengine nusu saa ya usingizi wa kweli itamsaidia sana.

Lakini nusu saa haiuzwi. Nyumba za wageni zipo, na si chache; ila zinauza usiku mzima, na kwa desturi ya nchi yetu siku ya gesti hukatika saa 4 asubuhi. Zamani hilo halikusumbua sana. Kwa miaka ipatayo thelathini mabasi yalikatazwa kusafiri usiku. Yakiondoka Dar es Salaam alfajiri, abiria wa Kyela aliteremka usiku na kulala moja kwa moja. Tangu marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 2023, mtu huweza kusafiri usiku kucha akafika asubuhi. Sasa fikiri: umefika saa 2 asubuhi, meli yako iondoke alasiri. Ukichukua chumba sasa hivi, saa 4 utaambiwa utoke au ulipie siku ya pili. Meli ya MV Mbeya II, iliyozinduliwa mwaka 2021, ilijengwa kubeba abiria 200. Si lazima wote wawe wamechoka ndipo biashara ionekane.

Mtu atasema, mbona zipo gesti zinazotoa chumba kwa saa? Zipo, na sote twajua kwa nini. Mama mwenye watoto wawili na kikapu, au binti anayerudi chuoni, hawezi kusimama mbele ya meza ya mapokezi akaomba chumba cha saa mbili bila kutazamwa vibaya. Atachagua kusinzia kwenye benchi la stendi, mkono mmoja juu ya mzigo, kuliko kupata usingizi na kupoteza jina.

Katika nchi ya Wanyakyusa jambo hili lina uzito wa pekee. Bibi Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake huko katika miaka ya 1930, aliandika jinsi vijana wa kiume walivyojenga vijiji vyao mbali na wazazi, na jinsi mke alivyojitenga kabisa na baba mkwe wake, hata kumtazama asimtazame. Suala la nani alale wapi lilikuwa msingi wa heshima. Atakayejenga nyumba ya kupumzikia Kyela bila kulifikiri hilo atapata wateja wa namna moja tu.

Jibu tunalo karibu. Treni ya TAZARA, ambayo reli yake ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976, iliuza kitanda badala ya chumba. Wanawake behewani mwao, wanaume mwao, na hakuna aliyeona haya kupanda. Wajapani nao, mwaka 1979, walifungua mjini Osaka hoteli ya vijumba vidogo, kila kimoja kikimtosha mtu mmoja kulala. Sisi hatuna haja ya mitambo yao. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini mwa ziwa hili mwaka 1879, alizisifu mno nyumba za wenyeji kwa usafi na vivuli vya migomba. Nyumba ya mianzi, yenye kupitisha upepo, inafaa kwa joto la Kyela kuliko matofali na bati tupu.

Hesabu, tuseme, ni vitanda 8, wateja 4 kwa kila kitanda kwa siku, Sh. 1,500 kila mmoja: Sh. 48,000. Zinavutia, lakini usizishike mapema. Wateja 32 ni mashuka 32 ya kufua kila siku, na Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana nchini. Mwezi Aprili shuka laweza kukaa kambani siku mbili likiwa bado bichi. Ndiyo maana ningeshauri mkeka wa ukindu juu ya kitanda cha kamba, uwezao kufutwa, na mteja ajitandikie kanga au kitenge chake. Chandarua kisikosekane, hasa kwa atakayelala baada ya jua kutua. Kikundi cha akina mama lishe, ambao tayari wana wateja wanaosinzia mezani, kinaweza kuombea mtaji katika mikopo ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa wanawake.

Lakini kitanda chenyewe si kitu. Chini ya mwembe usingizi ni bure. Anachokosa msafiri pale ni mtu wa kumlindia mzigo na mtu wa kumwamsha. Muulize aliye benchini kwa nini hajinyooshi. Atakujibu kwamba anaogopa begi na anaogopa kuachwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya nyumba hiyo ni chumba cha mizigo chenye kufuli na namba, na ya pili ni mhudumu mwenye daftari na saa, aliyeandika kitanda cha tatu ni mama wa Liuli, aamshwe saa 7 na nusu, na asiyetoka kitandani pake mpaka mama huyo ameketi, amejifunga kanga, na ameitika kwa jina.