Nani Anaruhusiwa Kupanda Mgomba?

Hapa Leeds, ikifika Januari, wakulima wa rubabu (rhubarb) huvuna kwa mwanga wa mishumaa. Mizizi hulelewa shambani miaka miwili bila kuvunwa, ikapigwa na baridi, kisha ikaingizwa kwenye mabanda yenye giza na joto ili mabua yachipue laini na mekundu. Eneo hili la Leeds, Wakefield na Bradford limejijengea sifa kwa zao hilo, na mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulilinda jina lake kisheria. Majani yake ni sumu. Huliwa bua tu, tena kwa sukari nyingi.

Kwetu Isongole, wilayani Ileje, ambako ukivuka mpaka umeingia Malawi, mmea wa kudumu haudekezwi namna hiyo. Mgomba ukishakatwa, chipukizi lipo tayari pembeni. Maji ya kuoshea vyombo na majivu ya jikoni huishia shinani. Mikahawa hujikinga kwenye kivuli chake, mparachichi uko nyuma ya choo, mchaichai karibu na mlango. Februari, mahindi yakiwa bado mabichi na yale ya mwaka jana yanaishia, ndizi ndiyo inayoinjika sufuria.

Waingereza wanaopenda mimea ya kudumu wamesoma na kujaribu. Martin Crawford alianza bustani yake ya msitu huko Dartington, Devon, mwaka 1994, na watu hulipa kwenda kujifunza. Sina ubishi naye, ila vihamba vya Wachagga wa Kilimanjaro, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na mikahawa chini ya miti, ni vikongwe kuliko bustani hiyo. Kile cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO mwaka 2011.

Tofauti kubwa, kwa jicho langu, ni ardhi wala si baridi. Huku Uingereza halmashauri hukodisha viwanja vidogo vya bustani, utaratibu uliotiwa nguvu na sheria ya 1908. Wengi hulipia kwa mwaka, na mikataba mingi inakataza miti mikubwa au inataka uombe kibali kwanza. Rubabu hakuna anayeiulizia.

Nyumbani hakuna karatasi, lakini katazo lipo. Aliyekodi shamba la msimu apande mahindi na maharage, basi. Akionekana anachimba shimo la mgomba, mwenye shamba atafika kabla jembe halijapoa, maana mti ni madai: mpaka huonyeshwa kwa miti, na mthamini wa fidia akipita huhesabu mikahawa mmoja mmoja.

Ndiyo maana dada yangu, ambaye analima pa kukodi, aliponiuliza apande nini kitakachodumu, sikumtajia parachichi. Nilimwambia mbaazi: huvunwa zaidi ya msimu mmoja, mizizi inarutubisha udongo, na siku ya kuhama kuni anabeba. Mwenye shamba aliikubali. Mchaichai ambao dada aliupanda pia, aliuulizia mara mbili, kisha akaomba naye apewe shina moja.