Dakika 90 Zilizonizibua Masikio

Zamani muziki kwangu ulikuwa sehemu tu ya makelele ya nyumbani. Redio iliwashwa alfajiri ikazimwa usiku. Niliweza kuitikia wimbo wa bendi ya Juwata au ya Maquis mwanzo hadi mwisho bila kujua unamsema nani, wala gitaa linalonichezesha ni lipi.

Aliyenibadilisha ni dada yangu. Miaka ya themanini inaanza, alipangiwa kufundisha Sumbawanga. Barua yake ya kwanza ilikuwa na ombi moja: nimrekodie kanda ya nyimbo mchanganyiko.

Dukani nisingezipata. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilizoea kwenda kurekodi Nairobi, lakini mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977 ukakaa hivyo hadi 1983, na njia hiyo ikawa finyu. Bendi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kazi zao zikabaki maktaba ya redio. Ukiutaka wimbo, uuvizie hewani. Uingereza, mwaka 1981, makampuni ya santuri yalipiga kampeni kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Kwetu, bila kaseti, wimbo ukishapita hewani ulikuwa umekwenda zake.

Nikachukua kanda ya zamani ya dakika 90, nikaziba vitundu vya juu kwa selotepu ili ikubali kurekodiwa upya. Unabonyeza kitufe cha kucheza na cha kurekodi kwa pamoja, unasitisha, unakaa na kidole tayari. Mtangazaji akimaliza kutaja wimbo, unaachia. Mara nyingine, chemko limekolea, gitaa na tarumbeta zinakimbizana, yeye huyo anaingia na taarifa ya habari. Unarudisha kanda nyuma, unangoja siku nyingine.

Upande mmoja ni dakika 45, na nyimbo za dansi ni ndefu. Ukiuweka huu, ule unabaki nje. Nisingeweza kuchagua bila kusikiliza, na nilipoanza kusikiliza nikagundua nilikuwa sijawahi. Nikasikia gitaa la rithimu likijibizana na la solo. Katika nyimbo za bendi ya Mlimani Park nikaanza kumtofautisha Hassan Bitchuka na sauti yake inayopanda, na Muhiddin Gurumo aliyetulia chini yake. Nikasikia pia maneno: huyu kadhulumiwa na ndugu, yule anamwasa mwanawe.

Kisha mpangilio. Nyimbo mbili za majonzi zisifuatane. Marijani Rajab atangulie, maana dada alimpenda. Ilinibidi nimfikirie akiwa na taa ya chemli na madaftari ya kusahihisha: saa hiyo angependa kusikia nini? Sikuwa nimewahi kumfikiria mtu kwa muda mrefu hivyo.

Baada ya miezi kanda ilirudi. Upande B wote alikuwa ameufuta, akajaza nyimbo alizozinasa huko kutoka stesheni za Zambia. Nilichukia. Jasho langu lote! Lakini nikausikiliza, nikaurudia, nikaelewa kwamba ndiyo barua yake: haya ndiyo maisha yangu ya huku, yasikie. Tangu hapo kanda ikawa safarini, kila mmoja akifuta upande wa mwenzake.

Siku hizi nyimbo nyingi za enzi ile zimo kwenye simu, na nafasi haiishi. Raha ninayo, na siwalilii waliozaliwa na simu hizo. Ila wimbo usiogharimu kitu ni rahisi kuuruka kabla haujafika kwenye kiitikio. Kwa hiyo wapwa zangu nawapangia nyimbo kwenye flashi, dakika 90, hata moja isizidi, na sharti ni moja: nao wanijibu kwa flashi yao, nami nitaisikiliza yote bila kuruka. Ndiyo maana kwa umri huu naweza kubishana na vijana kuhusu singeli, na mara nyingine nikawashinda.